Namna ya Kuchagua Mapazia na Blaindi kwa Kufuata Rangi za Nyumba

Watu wengi huchagua pazia kwa kutazama kipande cha kitambaa kilichotandazwa juu ya meza ya duka, chini ya taa za duka, kisha hushangaa pazia hilo linapotundikwa nyumbani na kuonekana la rangi nyingine. Kitambaa ni kilekile, ila nuru imebadilika. Kochi, zulia na ukuta huangazwa upande ule unaotazamwa, lakini pazia hupigwa na nuru kwa nyuma wakati wa mchana na kwa mbele wakati wa usiku, na kwa sababu hiyo pazia moja huwa na rangi mbili ambazo mwenye nyumba analazimika kuishi nazo. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa kuzingatia jambo hilo: rangi ya pazia huamuliwa palepale dirishani, katika saa ambazo chumba kinatumika, baada ya kuzijua rangi ambazo tayari zimo chumbani.

Katika maelezo haya, pazia ni kitambaa kinachoning'inia na kukusanywa pembeni, na blaindi ni kifuniko cha dirisha kinachopandishwa na kushushwa, au chenye vibao vinavyogeuzwa ili kupunguza nuru.

Hatua ya 1: Orodhesha rangi ambazo huwezi kuzibadilisha

Simama katikati ya chumba na uandike kila kitu kikubwa chenye rangi ambacho hakitaondoka hivi karibuni: sakafu au vigae, zulia kubwa, makochi, kabati, milango, fremu za madirisha. Rangi ya ukuta iandike mwisho, tena kwa penseli. Wengi huanza na ukuta kwa sababu ndio ulio mkubwa, kumbe ukuta ndicho kitu rahisi kuliko vyote kubadilisha. Rangi ya kupaka huchanganywa katika vivuli vingi mno, ilhali vitambaa vya pazia hupatikana katika vivuli vichache kwa kulinganisha. Ikiwa unapanga kupaka upya na pia kununua mapazia, tafuta kitambaa kwanza kinachopatana na sakafu na samani, halafu uichanganyishe rangi ya ukuta iendane na kitambaa hicho. Anayepaka kwanza hujifunga mwenyewe, kwa kuwa atazunguka akitafuta kitambaa cha kivuli fulani kamili ambacho pengine hakijafumwa popote.

Fremu za madirisha husahaulika sana katika orodha hii, ingawa ndizo zinazogusana na pazia au blaindi. Fremu ya alumini ya rangi ya fedha ni ya ubaridi. Ya mbao iliyopakwa vanishi huwa na wekundu au umanjano. Nyeupe ya plastiki mara nyingi ni nyeupe kali yenye dalili ya ubuluu. Blaindi ya rangi ya malai ikiwekwa ndani ya fremu nyeupe kali huonekana kama imeingia uchafu, hata ikiwa mpya kutoka kwenye boksi.

Hatua ya 2: Gundua rangi iliyojificha

Karibu kila rangi tulivu ina rangi nyingine chini yake. Kijivu kinaweza kuwa na ubuluu, ukijani au uzambarau; beji inaweza kuelemea upande wa waridi au wa manjano; hata nyeupe zina tofauti zake. Macho yakizoea chumba hayaoni tena jambo hili, hivyo inabidi kuyasaidia. Chukua karatasi nyeupe ya kawaida ya kuchapia na uishikize ukutani mchana, kisha uilaze juu ya sakafu na juu ya kochi. Mbele ya weupe huo, ukuta uliokuwa ukiuita mweupe utajitokeza kuwa wa krimu au wa waridi hafifu, na vigae ulivyodhani ni vya kijivu tu vitaonyesha asili yake.

Kanuni inayofuata hapa ni nyepesi kuikumbuka, nayo hufaa kuliko hesabu nyingi za gurudumu la rangi: rangi mbili tofauti kabisa zenye asili moja iliyojificha hupatana, lakini rangi mbili zinazofanana sana zenye asili tofauti hugombana. Pazia la kijani cha jani bivu litakaa vizuri mbele ya ukuta wa krimu yenye umanjano. Pazia la krimu yenye uwaridi mbele ya ukuta huohuo litaonekana kosa, ingawa kwa majina yote mawili ni krimu. Kwa hiyo usiogope tofauti iliyo wazi. Ogopa tofauti ndogo inayofanana na jaribio la kulinganisha lililoshindikana. Mwenye kutaka pazia la rangi moja na ukuta na ashuke au apande vivuli viwili au vitatu, ili macho yaelewe kwamba tofauti hiyo ilikusudiwa.

Hatua ya 3: Soma nuru ya dirisha lenyewe

Dirisha linaloelekea mashariki hupata nuru yenye umanjano asubuhi, kisha hubaki na nuru tulivu mchana kutwa. La magharibi hufanya kinyume chake, na jioni linaweza kujaa rangi ya chungwa kiasi cha kulifanya pazia la manjano lionekane kama linawaka. Dirisha ambalo halipigwi na jua moja kwa moja hupokea nuru ya anga tu, ambayo ina ubuluu. Kwa nchi zilizo mbali na ikweta, upande huo ni wa kaskazini kwa wanaoishi kaskazini mwa dunia na wa kusini kwa wanaoishi kusini mwake. Katika chumba cha namna hiyo, kijivu chenye ubuluu huzidi kupooza na kukifanya chumba kiwe na huzuni, wakati rangi za udongo, za malai au za haradali hurudisha uchangamfu ambao nuru haikuuleta. Chumba kinachopigwa sana na jua, kwa upande mwingine, huweza kustahimili buluu, kijani chenye ubaridi na nyeupe safi bila kupoteza chochote.

Nuru ya usiku nayo isisahaulike, kwa maana usiku ndio wakati pazia linapofungwa na kuwa ukuta mzima wa kitambaa. Balbu huandikwa kipimo cha rangi ya nuru yake kwa kelvini. Zenye kelvini 2700 hutoa nuru ya manjano inayozipendelea nyekundu, kahawia na chungwa. Zenye kelvini 4000 ziko katikati. Zenye kelvini 6500 hutoa nuru nyeupe yenye ubuluu inayozikausha rangi za joto. Vitambaa viwili vinavyolingana kabisa mbele ya mlango wa duka vinaweza kutofautiana waziwazi chini ya balbu ya sebuleni, kwa kuwa viliwekwa rangi kwa dawa tofauti ambazo hurudisha nuru kwa namna tofauti. Ikiwa unakusudia kubadilisha balbu, zibadilishe kabla ya kuchagua kitambaa.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu saa za magharibi, kabla taa hazijawashwa. Jicho la binadamu katika nuru hafifu hupoteza uwezo wa kuona nyekundu mapema kuliko buluu, tabia iliyoelezwa katika karne ya 19 na mwanafiziolojia Jan Purkinje wa Bohemia. Pazia jekundu lililokolea, zuri saa sita mchana, huwa karibu jeusi giza linapoanza kuingia, na pazia la buluu la ukolevu uleule hubaki likionekana. Kwa chumba ambacho familia hukaa zaidi wakati huo, hilo si jambo dogo.

Hatua ya 4: Amua pazia litafanya kazi gani katika mpango wa rangi

Wapambaji wa nyumba hupenda kugawa rangi za chumba kwa mafungu ya asilimia 60, 30 na 10: rangi kuu ambayo kwa kawaida ni ya kuta na sakafu, rangi ya pili ya samani kubwa, na rangi kidogo ya kuchangamsha inayoonekana kwenye mito, picha na vyombo. Mgawanyo huu ni kipimo cha jicho tu, wala hakuna haja ya kutumia rula, lakini unasaidia kuuliza swali lililo la lazima: pazia langu litaingia fungu gani?

Likiingia fungu la 60, pazia hufuata ukuta kwa kivuli cha karibu na dirisha halikatizi tena chumba. Huu ndio uamuzi ninaoupendekeza kwa vyumba vidogo, kwa vyumba vyenye madirisha mengi au ya ukubwa usiolingana, na kwa chumba ambacho tayari kina zulia la maua au picha nyingi. Pazia linalotofautiana sana na ukuta huukata ukuta huo vipande vipande, na chumba kidogo chenye madirisha matatu na mapazia meusi hubaki kama kimebanwa.

Likiingia fungu la 30, pazia huchukua rangi ya kochi, ya zulia au ya mbao, na kazi yake ni kuunganisha vitu vilivyotawanyika chumbani. Si lazima rangi ifanane kabisa. Pazia la kahawia iliyopauka linaweza kuunganisha kabati la mbao iliyokolea na zulia la beji kwa kukaa katikati yao. Hapa ndipo nyumba nyingi zinapopata mafanikio, kwani samani na dirisha vikizungumza pamoja, ukuta unaweza kubaki mtulivu.

Fungu la 10 ndilo la hatari. Pazia la rangi ya kuchangamsha, tuseme zambarau au kijani kikali, huwa halibaki asilimia 10 linapofungwa usiku. Dirisha pana lenye pazia linaloshuka hadi sakafuni hujaza sehemu kubwa ya ukuta. Anayeipenda rangi kali na aiweke mahali ambapo haitapanuka: kamba ya kufungia pazia, ukanda mwembamba kwenye ukingo wa mbele, au blaindi ndogo ya jikoni. Wako wanaothubutu kutundika pazia kali lote zima na likawapendeza, lakini wengi wao wana chumba kikubwa chenye kuta nyeupe na samani chache, na walijua walichokuwa wakikifanya.

Hatua ya 5: Chagua kitambaa, kwa maana kitambaa hubadilisha rangi

Rangi moja hugeuka kufuatana na uzi. Mahameli hunywa nuru, na vinyweleo vyake hufanya rangi ionekane nzito kuliko ilivyo. Buluu ya wastani katika mahameli hufanana na buluu ya usiku. Atlasi na hariri hurudisha nuru, hivyo mikunjo yake hung'aa kileleni na kukolea bondeni, na pazia moja huonekana lina vivuli kadhaa. Kitani na pamba isiyong'aa huonyesha rangi karibu na ilivyo kwenye sampuli. Poliesta hutegemea ufumaji wake, ila hustahimili jua vizuri kuliko hariri, ambayo huchakaa na kuchanika haraka inapopigwa na jua la moja kwa moja. Anayetaka sura ya hariri kwenye dirisha lenye jua kali na achague poliesta iliyofumwa kwa kuiga hariri, au aweke bitana nene nyuma yake.

Bitana ndiyo inayoamua kama pazia litakuwa na rangi mbili au moja. Pamba ya rangi ya chungwa isiyo na bitana, jua likiwa nyuma yake, huwa chungwa hafifu inayotoa mwanga, na mwanga huo humwagikia ukuta, dari na hata nyuso za watu. Baadhi yetu tunaupenda mwanga huo katika ukumbi wa kuingilia, lakini hakuna anayeutaka mezani anapofanya kazi. Kitambaa hichohicho kikiwekewa bitana hubaki na rangi yake kamili mchana na usiku. Bitana nyeupe au ya malai ndiyo ifaayo mara nyingi, kwanza kwa sababu haiathiri rangi ya mbele, pili kwa sababu madirisha yote ya nyumba huonekana sawa kwa anayetazama kutoka nje, hata kama kila chumba kina pazia la rangi yake. Bitana hiyo pia hurudisha joto la jua nje. Wizara ya Nishati ya Marekani inaeleza kwamba mapazia ya rangi ya wastani yenye mgongo wa plastiki nyeupe huweza kupunguza joto linaloingia kwa asilimia 33.

Kwa pazia la neti la mchana, ushauri wangu ni mmoja: liwe jeupe au la malai kwa kufuata asili ya nyeupe za chumba hicho, basi. Neti yenye rangi huchuja nuru yote inayoingia, kwa hiyo neti ya kijani hukipaka chumba chote ukijani, na kazi yote ya kulinganisha rangi za ukuta na samani huharibika kwa mita chache za kitambaa chepesi.

Usisahau kupauka. Kioo cha kawaida huzuia sehemu tu ya mionzi ya jua inayokula rangi, na nyingine nyingi hupita. Ustahimilivu wa kitambaa dhidi ya nuru hupimwa kwa kukilinganisha na vipande vya sufi ya buluu, kwa daraja kuanzia 1, ambalo hupauka upesi, hadi 8, ambalo hustahimili kuliko yote. Kwa dirisha lenye jua, muulize muuzaji daraja la kitambaa na usikubali lililo chini ya 5. Rangi zilizokolea huonyesha kupauka kwa namna ya kusikitisha zaidi, kwa sababu ukingo unaoelekea kioo hugeuka milia milia na sehemu iliyofichwa ndani ya mkunjo hubaki kama mpya.

Hatua ya 6: Blaindi, peke yake au pamoja na pazia

Blaindi hufaa mahali ambapo pazia lingesumbua: juu ya sinki, nyuma ya meza ya kazi, bafuni, au kwenye dirisha lenye kabati chini yake. Kwa upande wa rangi, njia ya amani ni kuifanya blaindi iwe sehemu ya fremu. Vibao vyembamba vya kulala vya alumini vifuate rangi ya fremu. Vibao vya mbao vifuate ukolevu wa mbao zilizomo chumbani bila kulazimisha ziwe mbao za aina moja. Fahamu pia kwamba vibao vikifunguliwa nusu hujitilia kivuli, na blaindi nyeupe huonekana ya kijivu hafifu kwa saa nyingi za mchana. Blaindi ya kitambaa inayokunjwa kwenda juu huonyesha kitambaa kikiwa tambarare, hivyo ndiyo inayoutendea haki mchoro mkubwa.

Blaindi ya kuviringisha iliyofumwa kwa matundu madogo ina tabia inayowashangaza wanunuzi. Ya rangi nyeusi au kijivu kilichokolea humwezesha aliye ndani kuona nje vizuri na hupunguza mng'ao machoni, wakati ile nyeupe hutawanya nuru na kufanya nje kuonekana kama kuna ukungu, ingawa nyeupe hurudisha joto zaidi. Matundu yenyewe hupimwa kwa asilimia ya uwazi. Ya asilimia 1 hufunga sana, ya asilimia 10 huacha nuru nyingi kupita. Aina hii humficha aliye ndani mchana tu. Usiku taa zikiwashwa mambo hugeuka, na wa nje ndiye anayeona ndani, kwa hiyo vyumba vya kulala vinahitaji pazia juu yake.

Ukiviweka viwili pamoja, kimoja tu ndicho kiruhusiwe kuwa na mchoro au rangi nzito. Blaindi tulivu nyuma ya pazia lenye uzito ni mpangilio usiochosha macho. Pale penye watoto wadogo chagua blaindi isiyo na kamba inayoning'inia, kwa kuwa kamba hizo zimewahi kuwanyonga watoto. Kanuni za Ulaya na za Marekani zimekazwa juu ya jambo hili, na hakuna rangi inayostahili kuvumiliwa kwa hatari hiyo.

Hatua ya 7: Michoro na milia

Mchoro huhukumiwa kitambaa kikiwa kimekunjwa, kwa sababu ndivyo kitakavyoning'inia. Kusanya kitambaa mkononi kama marinda na urudi nyuma hatua kadhaa. Ua kubwa linaweza kukatika na kuwa madoa yasiyo na maana. Vijiua vidogo vyenye rangi zinazopingana, kama nyekundu na kijani, huchanganyika kwa mbali na kuzaa ukahawia ambao haukuwamo kwenye kitambaa, nao ndio utakaouona kila siku ukiwa kwenye kochi. Rangi itakayohesabika katika mpango wako ni hiyo inayoonekana kutoka unapokaa.

Chumba chenye ukuta wa michoro kipewe pazia la rangi moja, iliyochotwa kutoka kwenye rangi tulivu ya mchoro huo badala ya ile inayopiga kelele. Milia ya wima hunyanyua dari; ukanda mpana wa rangi kwenye pindo la chini huivuta chini.

Hatua ya 8: Jaribu sampuli pale litakapotundikwa

Omba kipande kikubwa iwezekanavyo, angalau cha nusu mita, au ununue mita moja ya kitambaa unachokifikiria. Kijisampuli cha ukubwa wa kiganja hakifai. Ning'iniza kipande hicho kando ya dirisha kikiwa kimekunjwa kidogo, weka kipande cha kitambaa cheupe nyuma yake ikiwa unakusudia kutia bitana, kisha ukitazame asubuhi, mchana, machweo na usiku taa zikiwa zimewashwa. Kiache hapo kwa siku kadhaa, ili ukione pia siku ya mawingu.

Usikilinganishe na kitu kimoja tu. Rangi hubadilishwa na jirani zake, na ushahidi maarufu wa jambo hili ulitoka katika vitambaa vyenyewe. Michel Eugène Chevreul, mwanakemia wa Ufaransa aliyesimamia utiaji rangi katika karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins jijini Paris, aliletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilikuwa hafifu. Alipozichunguza aligundua kwamba dawa ya rangi haikuwa na kasoro; weusi ulionekana dhaifu kwa sababu ya rangi zilizofumwa kando yake, hasa za buluu na zambarau. Mwaka 1839 alichapisha kanuni zake kuhusu namna rangi zilizo jirani zinavyobadilishana sura. Pazia lako linafuata kanuni hizohizo. Kijivu kisicho na upande, kikiwekwa kando ya ukuta wa rangi ya chungwa, huanza kuonekana cha buluu. Kando ya ukuta wa kijani huelemea uwaridi. Kwa hiyo shikiza sampuli ikigusa ukuta, ikigusa fremu, na iguse zulia chini, na kila mara utazame kama imegeuka.

Ukibaki na vitambaa viwili usivyoweza kuamua kati yake, chagua kile kilichopendeza usiku ikiwa ni chumba cha kulala au sebule, na kile kilichopendeza mchana ikiwa ni jikoni au chumba cha kazi.

Hatua ya 9: Pima, kisha ununue kutoka jora moja

Fimbo ya pazia ifungwe sentimita 10 hadi 15 juu ya fremu, au juu zaidi ikiwa dari inaruhusu, na itokeze sentimita 15 hadi 30 kila upande, ili pazia likifunguliwa likae mbele ya ukuta na kuacha kioo wazi. Hili linahusu rangi moja kwa moja. Pazia linalokaa mbele ya kioo mchana hupigwa na nuru kwa nyuma na kupoteza rangi uliyoichagua, lakini linalokaa mbele ya ukuta huangazwa na chumba na kuonekana kama lilivyo.

Upana wa kitambaa uwe mara mbili hadi mbili na nusu ya urefu wa fimbo. Tuseme dirisha lina sentimita 150 na fimbo imetokeza sentimita 20 kila upande: fimbo ni sentimita 190, na mara mbili yake ni 380. Ikiwa jora lina upana wa sentimita 140, utahitaji vipande vitatu. Mikunjo mingi zaidi huongeza vivuli, na vivuli hukoleza rangi. Pazia lililojaa huonekana zito kwa kiasi kuliko sampuli, na lililobanwa huonekana la kupauka na la kubania.

Kwa kitambaa chenye mchoro, uliza marudio yake ni ya sentimita ngapi kabla ya kukata. Pazia la urefu wa sentimita 240, likiongezewa 25 za mapindo, huhitaji 265. Mchoro ukijirudia kila sentimita 64, marudio manne hayatoshi, hivyo kila kipande kitakatwa kwa marudio matano, yaani sentimita 320. Vipande vitatu vitakula mita 9.6, wakati kitambaa kisicho na mchoro kingekula mita 7.95 tu. Pamba na kitani huweza kurudi vikifuliwa, kwa hiyo ama vifuliwe kabla ya kushonwa, ama fundi aache ziada kwenye pindo.

Nunua kitambaa chote kwa mara moja na kutoka jora moja. Majora mawili ya namba ileile yaliyotiwa rangi kwa nyakati tofauti huweza kutofautiana kidogo, na tofauti ambayo dukani haionekani hujitangaza pale vipande vinaposhonwa pamoja na kupigwa na jua kwa nyuma. Mwambie fundi pia kwamba mahameli yote yakatwe kwa uelekeo mmoja wa vinyweleo. Kipande kimoja kikigeuzwa, kitaonekana cha kivuli kingine kabisa.

Blaindi inayokaa ndani ya fremu ipimwe kwa milimita, upana katika sehemu tatu, juu, katikati na chini, na uchukue kipimo kidogo kuliko vyote, kwani kuta chache sana zimenyooka. Ile ya kuviringisha huacha mwanya wa nuru pembeni. Chumba kinachotakiwa kuwa na giza kifungiwe blaindi nje ya fremu, au kiongezewe pazia lenye bitana.

Hatua ya 10: Tundika na urekebishe

Pindo liishie sentimita moja hivi juu ya sakafu, ili lisikokote vumbi na kujenga mstari mweusi chini ya kitambaa cheupe. Vitambaa vinavyolegea kwa uzito wake vitundikwe siku chache kabla ya pindo la chini kushonwa kabisa. Panga mikunjo kwa mkono kutoka juu hadi chini, uifunge kwa utepe laini usioacha alama, na uiache siku mbili au tatu ili izoee kukaa.

Ndipo vitu vidogo vifuate. Fimbo, pete na vifundo vya mwisho vichukue rangi ya chuma kilichomo tayari chumbani, kama vitasa vya milango au miguu ya meza. Ikiwa pazia limeonekana geni kwa chumba baada ya kutundikwa, usilishushe mara moja. Rudia rangi yake mahali pengine pawili, kwa mito miwili au kitambaa cha meza, kisha utazame tena usiku taa zikiwa zimewashwa. Mara nyingi hiyo hutosha. Isipotosha, kagua balbu kabla ya kumrudia fundi.